Pipa Lile Lile

Mjukuu wangu Saumu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sote tu wazima, na mbuzi wa mjomba wako amezaa pacha.

Umeniuliza mbona bei ya petroli ikipanda duniani, vituoni hupanda siku hiyo hiyo, lakini ikishuka hucheleweshwa. Umenitonesha kidonda! Miaka ya hamsini hapa Msambweni, mtaani kwetu palikuwa na duka moja tu la mafuta ya taa. Bei ikipanda Mombasa, mwenye duka alitupandishia siku hiyo hiyo. Ikishuka, alisema, "Ngojeni kwanza. Pipa hili nililinunua ghali."

Mama akamwuliza, "Na lile ulilolinunua rahisi, mbona hukungoja liishe ndipo upandishe?"

Akacheka. "Basi nendeni Ukunda mkanunue huko."

Mama na jirani zake wakapanda basi, wakaenda, wakajaza madebe huko kwa bei nafuu. Waliporudi, madebe yao yakiwa bado yanashushwa, mwenye duka alitoka mbio: "Jamani, bei imeshuka!"

Pipa lilikuwa lile lile, Saumu, lile la ghali, na halikuwa limepungua hata nusu. Alishusha alipoona tuna pengine pa kununua. Mpaka leo mtu akiniambia "ngojeni kwanza", damu hunichemka.

Bibi yako,
Mwanakombo