Pasi ya Makaa Niliyoiita Tanuri

Kitale, Jumanne, Agosti 2009. Mvua ilinikuta njiani kutoka Bungoma na bado inanyesha. Moyo umetulia, ingawa sistahili utulivu huo.

Wasomaji wachache wa ukurasa huu wanaijua kazi yangu. Ninatengeneza kipimo cha maji ya visima kwa karatasi ya kuchujia. Huchora kwa nta mifereji myembamba juu ya karatasi, kisha karatasi hupashwa moto ili nta izame hadi upande wa pili na kuwa kingo. Tone la maji hufuata mfereji lenyewe, bila pampu wala umeme, hadi ilipo kemikali. Ikiwa maji yana nitriti, chumvi yenye madhara, labda kutokana na mbolea, karatasi hugeuka rangi ya waridi. Kwa visima vya Tongaren vilivyozungukwa na mahindi, naamini kipimo hiki kina maana.

Sasa ungamo.

Mhadhiri wangu ataamua kwa ripoti moja tu kama nitapata nafasi ya shahada ya uzamili. Katika ripoti hiyo niliandika kwamba karatasi zilipashwa moto katika tanuri la maabara kwa dakika tano. Tanuri hilo sijawahi kuligusa. Karatasi zote zilipigwa pasi ya makaa na Mama Wanjiru, fundi cherehani, jirani yangu hapa Kibomet. Yeye hudondosha tone la maji juu ya chuma, husikiliza linavyochemka, ndipo huweka karatasi kati ya vitambaa viwili na kuikandamiza mara moja tu. Nikijaribu mimi, nta hutawanyika.

Niliona haya kuandika hivyo.

Leo nimetoka Kanduyi, pale Bungoma, ambako mhadhiri aliomba maabara moja irudie kazi yangu. Fundi wa maabara hiyo, Madam Nekesa, aliniwekea mezani karatasi kumi na mbili zilizoharibika: nta imeenea kote, mifereji imeziba. Ndizo karatasi pekee zilizokuwa zimesalia kabatini mwao muhula huu.

"Nimefuata vile uliandika," alisema. "Dakika tano, hata nikakaa hapo na saa. Sasa niambie, wewe ulifanyaje?"

Nilianza kueleza habari za aina ya nta. Alinisikiliza kwa upole, na upole huo ndio ulionishinda. Nikamwambia kuhusu pasi.

Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Mimi nilishamwambia mwalimu wako ni mkono wangu ulikosea. Hiyo lawama utaniondolea wewe."

Kabla ya kuondoka Bungoma niliingia saiba ya intaneti, nikamwandikia mhadhiri barua pepe: hapakuwa na tanuri, Madam Nekesa hakukosea, na mbinu ni ya Mama Wanjiru. Nilipofika Kibomet nilimwomba mama huyo aende Kanduyi Alhamisi awaonyeshe.

"Maabara kubwa hivyo haina pasi, kijana wangu?"

Nilimjibu kwamba wanachokosa ni mkono wake. Akasema Alhamisi ana yunifomu za kushona. Wanaotaka kujifunza waje hapa, na wabebe makaa yao.

Mhadhiri hajajibu. Huenda nafasi imekwenda.

Lakini swali lililonisumbua njia nzima si hilo. Je, ningeungama kama karatasi za Madam Nekesa zingefaulu?

Nisingeungama. Ningeandika tanuri hata katika tasnifu.