Maziwa Niliyokumwagia Kichwani

Mwita, mtu wangu wa saro,

Shikamoo hupati. Tulitahiriwa asubuhi moja kwa kisu kimoja, na wewe ndiye uliyepepesa macho, kwa hiyo usidhani kwa kutangulia kufa umekuwa mkubwa wangu. Watu wa saro moja wana ruhusa ya kutukanana mpaka mmoja azikwe. Wewe umezikwa, mimi bado nina maneno. Utafanya nini?

Huku mvua imenyesha. Ilingoja uondoke. Kile kijito cha chini ya mteremko, ambacho siku ile kilikuwa mawe matupu, sasa kinapiga kelele kama walevi wa mnadani. Nikipita pale nageuza uso. Wake zako wanapika chungu kimoja, jambo lililokushinda ukiwa hai na domo lako lote. Ng'ombe wako mwekundu amekataa jembe. Mwanao wa ng'ambo ya mpaka alifika udongo umeshasawazishwa, akasimama pale na begi mgongoni, akauliza, "Mzee alikuwa anaumwa nini?" Nikamwambia hakuumwa. Hilo ndilo tatizo, mura. Hukuumwa.

Sisi tulikuwa tumepanga kuumwa.

Unakumbuka? Katekista Paulo, kijana yule wa baiskeli isiyo na breki, alikuja kwako mpaka mbwa wakaacha kumbwekea. Akasema mtu wa wake wawili hawezi kubatizwa mpaka abaki na mmoja. Ukamwuliza, "Nimfukuze yupi, aliyenizalia au anayejua kupika?" Akafungua kitabu chake cha mafundisho, kijana wa watu. Kisha, kwa bahati mbaya yake, akatufundisha kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, na ametubu, yeyote aliye karibu anaweza kumbatiza. Unamwaga maji kichwani, unasema maneno, basi. Lo! Macho yako yaling'aa kama ya mwizi aliyeonyeshwa dirisha lililoachwa wazi.

Tukapatana. Atakayetangulia kulala kitanda cha mwisho, mwenzake anakuja na maji. Pombe, ng'ombe wa watu, maneno tuliyowaambia wakwe zetu, yote yanaoshwa kwa mkupuo mmoja, na muda wa kutenda mengine haupo tena. Ukajichagulia na jina. Petro, kwa sababu ana funguo. Nikakuambia hata ukiitwa Petro utafika mlangoni umesahau funguo kwa mke mdogo.

Na mimi kizuizi changu kilikuwa nini? Tangu mama Chacha afariki nina mke mmoja tu. Njia ilikuwa nyeupe. Nilikuwa nakusubiri wewe, kama mtu anayesubiri mwenzake wa kwenda naye mnadani.

Na wangapi tuliwasindikiza huku tunapanga hivyo? Yule kijana wa Kisukuma aliyefukiwa na shimo la dhahabu kule Kewanja, wakampakia kwenye pikapu kumrudisha kwao, vumbi bado liko kwenye kope zake. Ukaninong'oneza, "Vijana wanakufa haraka. Sisi wazee tunakufa polepole, muda tunao." Nikacheka. Nilicheka msibani, Mungu alikuwa ananitazama.

Siku ile tulikuwa tunatoka sokoni Nyamwaga. Jua la kupasua mawe. Nilikuwa na kidumu cha maziwa ya Mama Ghati, na njia nzima ulinitania kwamba nimenunua mto uliopakwa chokaa. Mama yule alishaapa mbele ya soko zima, kwa kaburi la mama yake, kwamba hajawahi kutia maji kwenye maziwa, na wewe ukamcheka usoni. Hapo mteremkoni ulikuwa unaigiza anavyoapa. Ukaishia katikati ya neno. Ukashika kifua. Ukakaa chini kama mtu aliyechoka, halafu ukalala ubavu, jasho likakutoka. Nikajua. Na wewe ukajua. Kitanda hakikuwepo. Ukanitazama, ukasema, "Marwa, mwaga."

Nimwage nini, Mwita?

Nilitazama kijito, mawe. Nilitazama juu, hata wingu la kuazima hakuna. Nikajaribu mate, kama wazee wanavyobariki, kinywa kikawa majivu. Nikafungua kidumu. Nikakumwagia maziwa. Yalipita kwenye mvi zako yakaingia masikioni, na mimi nikasema maneno yote, sikuruka hata moja. Nilianza na Petro, nikamaliza na Roho Mtakatifu. Sijui kama uliisikia amina. Nzi walifika kabla ya watu.

Katekista alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka acheke. Akasema, "Tata, ubatizo ni kwa maji. Maziwa si maji." Nikamwambia, haya ni maziwa ya Mama Ghati! Nusu yake ni mto! Hakucheka. Kengele haikupigwa. Alikuja kukuzika na shati lake la kila siku, kanzu nyeupe aliiacha kanisani, akapiga magoti karibu na zizi tulipokuchimbia, akasali kwa sauti ndogo. Walikulaza ubavu wa kulia kama ilivyo desturi yetu. Msalaba haukuwepo.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kwa Mama Ghati. Mimi niliyekuwa nacheka nyuma yako alipokuwa anaapa, nilikwenda kumbembeleza akubali kwamba aliyatia maji. Akaja juu. "Baba Chacha, hata marehemu hajapoa mnanisingizia?" Nikamweleza kwa nini nauliza. Akaendelea kusuuza vidumu vyake. Asubuhi yake akaja kwangu, akasimama uani, hakutaka kiti. "Siku ile niliongeza," akasema. "Kikombe kizima." Akaondoka anajifuta macho na pindo la kanga. Mpaka leo sijui kama alikuwa anakiri dhambi, au anatenda mpya kwa kunihurumia.

Nikaenda kwa katekista karibu mbio, na goti hili. Akainamisha kichwa. "Hata hivyo ni maziwa, Tata. Lakini yeye mwenyewe alisema mwaga?" Alisema. "Basi mimi natumaini Mungu hamnyimi aliyeomba, eti kwa sababu kijito kilikauka. Natumaini." Nikamwambia aache kutumaini, aniambie ndiyo au hapana. Akasema hajui.

Hajui. Nalala na neno hilo, naamka nalo liko pale pale. Wewe uliyekuwa unaingia nyumba za watu bila kubisha hodi, nimekuacha mlangoni na maziwa kichwani, na hakuna wa kuniambia kama walikufungulia.

Sasa nasoma mafundisho, mimi na watoto na mabinti wanaotaka kufunga ndoa. Nakaa kwenye benchi fupi, magoti yanagusa kidevu. Katekista anasema nitabatizwa Pasaka. Pasaka! Nani ameniahidi Pasaka? Wewe hukuahidiwa hata kufika juu ya mteremko. Kwa hiyo natembea na chupa ya maji kwenye mfuko wa koti, na kila ninayeongozana naye namfundisha yale maneno kwanza. Dereva mmoja wa bodaboda akalia, "Mzee, unaniletea mkosi!" Nikamwambia rudia, ama sipandi. Akarudia, ndipo nikapanda. Nimekwenda pia Genkuru kwa ndugu yangu, yule tuliyenuniana kwa mpaka wa migomba. Nimemwambia mpaka ni wake, achukue na mikungu iliyokomaa. Alininusa mdomo kwanza. Halafu akalia.

Na jina nimechukua lako. Petro. Safari hii litamwagiwa maji.

Basi lala, mtu wangu, hivyo hivyo kwa ubavu. Kama uko ndani, nishikie nafasi. Kama bado uko nje, usiende mbali na mlango, nitaanza kupiga kelele nikiwa njiani, unanijua. Siwezi kukuahidi mengi, maana tuliahidiana mengi na yote yalikuwa ya kesho. Nakuahidi moja tu: nitakuja nikiwa nimelowa.

Ni mimi, Marwa.