Masharubu Meusi ya Santa Liena

Marsaxlokk, Malta
22 Septemba 1997

Kwa kaka yangu Indri,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako Ġuditta. Za Baba zingekuwemo pia, ila kwa nini hazimo utaelewa mbele. Mimi mzima, miguu tu inanivimba kwa kazi hii ya kutembeza wageni. Desturi inataka nikuulize nawe hali yako, lakini hali yako nimeiona. Jumanne iliyopita ulikaa kiti cha nyuma kabisa kwenye basi langu, dirishani, kofia umeishusha hadi kwenye nyusi na miwani myeusi juu yake. Umenenepa. Kikohozi ni kile kile.

Orodha ya abiria wa meli iliyowaleta wageni ilisema unaitwa Andrew. Nilikutambua ulipopanda tu, ulivyoinamisha kichwa mlangoni ingawa mlango ule ni mrefu kukupita. Nikakusabahi kwa Kiingereza kama nilivyowasabahi wenzako, nawe ukaniitikia kwa Kiingereza cha huko Australia. Nilijiambia kaka yangu ana utani wake, anataka kumshtukiza Baba baada ya miaka kumi na tisa, nisije nikamharibia. Nilinyamaza kwa furaha, Indri. Nataka ulijue hilo, kwamba mwanzoni ilikuwa furaha.

Pale Ħaġar Qim, kwenye magofu ya hekalu la kale la mawe, nilikupa nafasi ya kwanza. Niliwapeleka wageni kwenye lile tundu la ukutani, nikawaambia wengine hudhani makuhani walisemea humo, ila hakuna ajuaye kwa hakika. Kisha nikawaambia nilikuwa na kaka aliyejibana nyuma ya jiwe lile, akajifanya mungu kwa sauti nzito, akaniamuru nimtolee mkate wangu wa mafuta na nyanya, nami nikamtolea kiangazi kizima. Bibi mmoja Mskoti akataka kujua huyo mungu mlafi yuko wapi siku hizi. Nikamjibu yuko Melbourne, lakini ana tabia ya kutokea ghafla. Nikakutazama. Watu wote walicheka, nawe ukacheka, ukainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyako havikuwa na kamba.

Tulipoteremka kwenda hekalu la pili, Mnajdra, nilibaki nyuma makusudi ili unifikie. Nikisimama, nawe unasimama, unapiga picha majani makavu. Hapo furaha ilianza kunitoka.

Basi likatufikisha kijijini kwetu saa ya chakula. Karmena wa mgahawani akanipokea kwa kelele zake zile zile: "Wee Ġuditta, leo umetuletea kondoo wangapi? Wana njaa hawa, au wamekuja tena kuwapiga picha samaki wangu?" Baba alikuwa ndani ya mashua yake Santa Liena, imefungwa gatini, mikono yake kwenye wavu. Havui tena. Macho yake yanaona mwanga na vivuli tu, ila kila siku lazima akae mle.

Yule bibi Mskoti akauliza kwa nini mashua zote zina mkanda wa rangi juu ya yale macho mawili yaliyochorwa mbele, ila ya mzee yule ni mweusi. Nilipaza sauti ili nawe wa nyuma usikie. Nikasema sisi mkanda ule tunauita masharubu, na nyumba ikifiwa masharubu hupakwa rangi nyeusi kwa mwaka mmoja, kisha rangi yake inarudishwa. Mama wa nyumba hii alifariki miaka sita iliyopita. Mzee anasema brashi ni ya mwanawe, ambaye hakuja kubeba jeneza. Yeye ndiye atakayerudisha rangi yetu ya kahawia. Kopo la rangi liko chini ya kibao cha mbele, na kila Pasaka mzee hulitikisa asikie kama limeganda.

Ulisikia. Ulishuka hadi ukingoni, ukachovya mkono baharini, ukaliosha jicho la kushoto la mashua mara tatu, kama Mama alivyotufundisha. Sidhani hata ulijua unafanya nini. Mashua ikayumba, Baba akainua kichwa, akasema, "Nani huyo?" Ungenyoosha mkono ungemgusa. Ukakohoa, ukampiga picha, ukaenda kula samaki kwa Karmena. Jioni bandarini ukanipa mkono, ukaniachia bakshishi kiganjani.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Baba amevaa shati lake la kanisani, na sahani tatu ziko mezani. Akasema wageni hushika-shika mashua, lakini maji aliyasikia, na hakuna mgeni anayejua kuosha jicho mara tatu. "Ni yeye, siyo?" Alikuwa anatabasamu.

Sasa nikuambie nilichofanya. Nilisema siye. Akaniuliza tena, na sikuweza kumwambia kwamba ni wewe na kwamba umempita. Nikamwambia barua ilikuja kutoka Melbourne, kwamba ulifariki Julai kwa ugonjwa wa mapafu, nami niliogopa kumwambia. Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Kidogo ni kwa kumhurumia yeye. Zaidi ni kwa kukuchukia wewe.

Baba akasema kumbe iliyokuja kuosha jicho ni roho yako, akamshukuru Mungu kwamba mwishowe umekuja.

Asubuhi yake akaagiza rangi nyeusi, akapaka masharubu upya yeye mwenyewe, kwa kupapasa. Kopo la kahawia akaniambia nilitupe. Jana Padri Salv alikusomea misa. Kanisa lilijaa, na Karmena alilia kuliko wote.

Ningekuletea salamu za majirani, ila majirani wanakuombea pumziko la milele. Ukitaka kuwa hai, itabidi uje useme mwenyewe, kwa lugha yetu, Baba akusikie. Ana miaka themanini na minne. Sikuombi uje. Nakuarifu tu kwamba kopo sikulitupa, liko pale pale, na leo asubuhi nimelitikisa. Bado halijaganda.

Ni mimi mdogo wako niliyekuzika,
Ġuditta