Gunia Moja, Baba Wawili

Jumatatu, 4 Mei

Kosa la wengi ni kukimbilia jibu. Swali la namna hii halitaki jibu. Linataka kujua kama habari zilizotolewa zinatosha kulifikia. Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, na bado naona watu wenye akili wakianguka papo hapo.

Riziki alikuja asubuhi kama kawaida, akakaa kwenye benchi mbele ya ubao niliotundika barazani. Ni binti wa jirani. Tunakaa parsele moja, ua mmoja wa nyumba kadhaa, hapa mtaa wa Rugenge. Diploma ya serikali ya kumaliza sekondari anayo. Jumamosi anafanya konkuru, mtihani wa kushindania bourse ya masomo, akasome ng'ambo ya ziwa. Sehemu inayomshinda ni moja: undugu kwa alama.

Nikaandika. Nyota: "ni ndugu wa tumbo moja na". Jumlisha: "ni mama wa". Habari ya kwanza: K nyota M. Habari ya pili: M jumlisha T. Je, K ni mjomba wa T? Chagua A kama habari ya kwanza peke yake inatosha, B kama ni ya pili peke yake, C kama zinatosha zikiwa pamoja, D kama hata zote mbili hazitoshi.

"C. Iko mjomba."

Nikamuuliza nani kamwambia K ni mwanaume.

Akatazama ubao, akacheka kwa hasira. "Mwalimu, weye unapenda kutesa watu! Kwetu ndugu za mama ni wanaume watupu."

Ndiyo hapo. Ameleta watu wa kwao kwenye karatasi ya mtihani. Nikamwambia watu wa kwao wabaki mlangoni. K anaweza kuwa mwanamke. Jibu ni D.

Jumanne, 5 Mei

Barabara ya Sange bado imefungwa. Baba yake Riziki, Kashindi, alikwenda huko kuvuna mpunga pamoja na mdogo wake Safari. Walikuwa warudi kabla ya Jumapili. Jumapili risasi zikaanza upande wa bonde, na tangu hapo hakuna gari lililofika.

Mama Riziki hakwenda sokoni kuuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Alikaa kwangu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwenye vizuizi vya barabarani, wenye silaha wanafungua simu za watu, wanasoma, wanasikiliza. Kwa hiyo kabla wanaume hawajaondoka alitunga maneno ya siri, kusiwe na jina la mtu hewani. Kikapu ni shangazi yake Riziki, Feza, anayekaa Sange. Gunia ni baba. Kukwama ni kuzuiliwa njiani. Kupasuka ni kufa.

Nikauliza, na Safari je?

"Naye gunia." Akanishangaa. "Si ni baba yake pia?"

Kwake hakuna kasoro. Riziki amewaita wote wawili baba tangu alipoanza kusema. "Baba mdogo" ni neno la kumwelezea mgeni. Mimi nimelelewa hivyo hivyo. Lakini ubaoni ningeikataa alama hiyo mara moja. Alama moja haiwezi kubeba watu wawili.

 Mtu mwenye hofu hasahihishwi.

Jumatano, 6 Mei

Ujumbe umefika. Sauti ya Feza, fupi, kama mtu anayekimbia.

"Gunia moja imepasuka. Ile ingine inakuja kwa miguu."

Basi. Baada ya hapo rezo ya simu ikakatika. Tumepiga tena na tena, haipiti.

Mama Riziki aliusikiliza ujumbe huo hadi simu ikazima. Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Mwalimu, weye ulisoma. Niambie ni gunia gani."

 Nimesoma, ndiyo. Niliiona habari hiyo moja kama ilivyo: mmoja amekufa, mmoja yu hai, wote wanaitwa neno lile lile.

Riziki alikuwa amesimama mlangoni. Akasema polepole, "Haitoshi, mama."

Jibu sahihi. Sijawahi kulichukia jibu sahihi namna hiyo.

Alhamisi, 7 Mei

Rezo hakuna.

Nilidhani Riziki hatakuja. Alikuja. Nikamwambia tuache. Akasema, "Tuendelee, Mwalimu. Nikikaa nyumba ile nitapasuka kichwa." Akalisikia neno alilotamka. Akaziba mdomo.

Alipata maswali yote. Sikufurahi.

Kashindi alikuwa mwanafunzi wangu. Mbaya, wa kupata sifuri. Kila alipokutana nami aliita toka ng'ambo ya barabara: "Madame Zero! Umufundishe binti wangu vizuri kuliko ulivyonifundisha minye!" Watu wote wa mtaa wakageuka kunitazama, naye akicheka peke yake. Ndiye aliyepanda kuziba bati zangu kila zilipovuja. Safari ni mpole, hajaoa, anaimba kwaya sauti ya chini.

Leo nimejikuta nikiomba aliyekufa awe Safari. Naandika kama nilivyoomba. Safari hajamkosea mtu yeyote. Ni aibu. Nimeomba hata hivyo.

Ijumaa, 8 Mei

Mama Riziki alikwenda kanisani na kuacha simu kwangu ipate umeme wa sahani ya jua. Riziki alikuwa akipepeta mchele barazani. Simu ikalia. Rezo ilirudi kwa muda mfupi tu, ikaleta maandishi ya Feza. Nadhani uchungu ulimsahaulisha maneno ya siri. Aliandika kama dada anavyoandika:

"Mudogo wangu ndiye anakuja. Mumungojee."

Nikaelewa papo hapo tumesimama wapi. Kama Feza ni mkubwa kuliko Kashindi na Safari, basi wote wawili ni wadogo zake na bado hatujui kitu. Kama amezaliwa katikati yao, tunajua. Nimeishi na watu hawa miaka mingi, na zamu ya kuzaliwa kwa Feza sikuijua. Ningeweza kumuuliza Riziki. Alikuwa karibu yangu kuliko ubao.

Sikuuliza. Nikamwambia habari bado hazitoshi. Nilisema kwa sauti ile ile ya darasani, na kwa kitambo kidogo nilijiamini mwenyewe.

Aliichukua simu mkononi mwangu. Akasoma. Akasoma tena.

"Mwalimu, ulisema watu wa kwetu wabaki mlangoni."

Ndiyo, nilisema.

"Shangazi iko wa katikati. Baba alimubeba mugongoni. Yeye akamubeba baba Safari."

Aliinuka, akachukua chaki, akaandika C kubwa ubaoni. Habari ya kwanza peke yake haitoshi. Ya pili peke yake haitoshi. Zote mbili pamoja zinatosha: anayekuja ni Safari. Kisha akakaa chini, kwenye saruji, si kwenye benchi. Ungo ulimwagika, mchele ukatawanyika sakafuni. Hakulia kwanza. Alianza kuokota punje moja moja na kuzirudisha kwenye ungo. Nikashuka nikaokota naye. Magoti yangu hayataki tena mambo hayo. Niliokota.

Mama yake aliporudi, Riziki alimpokea langoni. "Minye nitamwambia," alisema, nami nikabaki nyuma. Nilisikia kilio. Parsele nzima ilisikia.

Jumamosi, 9 Mei

Konkuru.

Nilidhani haendi. Mama yake, amekaa kwenye mkeka, sauti imekauka, ndiye aliyemwamuru. "Baba yako alitaka uvuke ziwa. Nenda. Utalia ukirudi."

Wanawake wengine walinung'unika. Msichana kutoka nyumbani baba hata hajaliliwa vizuri! Mmoja akasema mimi ndiye ninayempotosha.  Nilimsindikiza Riziki hadi mlango wa shule.  Ziwa lilikuwa tulivu, wanawake wakianika ndagala kwenye mchanga. Siku ya kawaida kabisa. Iliniudhi.

Alirudi mchana. Akapita kwangu kwanza.

"Lilikuwepo moja, Mwalimu. Undugu kwa alama. Je, P ni baba wa R."

Nikauliza kama zilitosha.

"Zilitosha. Niliona haraka sana." Akatazama miguu yake. "Nimeandika D."

D: hata zote mbili pamoja, hatujui.

 Nilimpa maji akanywa. Kisha akaenda kwao kulia, kama alivyoambiwa.

Jumapili, 10 Mei

Safari amefika asubuhi. Amepita mashambani, mbali na barabara, miguu imevimba, shati limechanika. Amemzika kaka yake pembeni ya shamba la mpunga, yeye na Feza na majirani wachache, kwa haraka. Amelieleza hilo kwa Mama Riziki mara moja tu na hakuna aliyemwomba arudie.

Alisimama langoni kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kuingia. Nadhani aliogopa nyuso zetu. Aliogopa kuona kwamba tulikuwa tukimngoja mwingine. Kwangu mimi hakuogopa bure.

Riziki ndiye aliyetoka. Akamshika mikono yote miwili.

"Karibu, baba."

Neno lile lile. Hakuongeza wala kupunguza. Amemwita hivyo maisha yake yote. Safari aliinamisha kichwa, akaingia.

Nimekaa barazani nikitazama ubao. Alama moja, mtu mmoja. Sasa ni sahihi, na ningetoa elimu yangu yote irudi kuwa kosa.

C ya Riziki bado ipo pale. Sijaifuta. Watu wa msiba wameanza kuingia parseleni, wengine wamesimama juani, viti havitoshi.

Leo, kabla ya kitu kingine chochote: peleka benchi kwa Mama Riziki.