Safari Hii Jogoo Abaki

Mahabusu ya Watoto,
3 Machi 2024

Mjomba Adamu, shikamoo. Habari za Kwamsisi? Bibi miguu inamsumbua bado? Mimi mzima.

Ni kweli niliiba betri ya bodaboda pale Kabuku, sikatai. Afisa ustawi anasema nitaachiwa nikipata ndugu wa kunipokea. Kwa baba, Old Korogwe, sirudi. Nipokee wewe.

Mpwa wako,
Peter


Kwamsisi,
19 Machi

Mpwa wangu, marahaba. Sisi wazima, ila bibi yako anakohoa.

Umetuaibisha. Wazigua hatuna wezi. Hiyo ni damu ya baba yako, ya Usambaani huko. Rudi kwake umpigie magoti akunyooshe.

Mjomba wako


Mahabusu ya Watoto,
26 Machi

Mjomba, shikamoo. Mpe bibi pole ya kikohozi.

Baba naye alikuja. Kasema wizi nimerithi kwenu Wazigua. Haya, nirusheni kama mpira! Humu tuko Wazigua, Wasambaa, na Mmasai mmoja wa Mkata. Tukivua mashati kuoga, migongo haina kabila: alama za mkanda, za waya, za mpira wa baiskeli. Wote tulianza kwa kukimbia kwetu. Wizi ulikuja baadaye, na njaa.

Mama alipofariki nilikimbilia kwako, mkono umevunjika. Ukanifunga kitambaa, kesho yake ukanipandisha basi kunirudisha, umempakata jogoo wa kumwomba baba radhi. Radhi ya nini, mjomba? Aliyevunjwa ni mimi! Nina hasira na wewe kuliko na yeye.

Kwenye arobaini ya mama ulisimama ukasema mtoto wa dada ni wa mjomba. Kama yalikuwa maneno ya kunogesha shughuli, niambie. Nitabaki humu humu.

Mpwa wako,
Peter


Kwamsisi,
30 Mei

Mpwa wangu, hujambo? Najua umengoja. Sisi wazima, bibi yako amepona.

Aliposomewa barua yako aligoma kula mpaka nifunge safari. Nikaenda Old Korogwe. Baba yako alipoanza "nyie Wazigua", nikamwuliza, "Shemeji Habakuki, mkono wa mtoto uliuvunja kwa kabila gani?" Akanionyesha mlango. Nikapitia kwa afisa ustawi, nikaweka sahihi.

Jumatatu nakuja kukuchukua. Ukinikosea tutagombana kwa mdomo. Ile fimbo ya kuchapia iliyokaa mlangoni, bibi yako ameshaitia motoni akapikia uji.

Siji na jogoo. Yuko bandani, na utamla wewe.

Mjomba wako