Kengele ya Sikioni

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu Mama Vumilia,

Salamu hizi zikufikie hapo Kihesa ukiwa mzima, na nyumba nzima iwe na afya. Vumilia ameacha kukohoa? Na mguu wa baba yako, ule unaomvimba wakati wa baridi, umepoa? Uliniandikia kwamba mahindi mmeshavuna na mmeyapandisha darini, nikafurahi, maana mwaka jana panya walikula kuliko sisi. Mimi huku mwili hauna neno. Nakula, nafua nguo zangu mwenyewe, na baridi ya Mbeya unaijua, asubuhi mtu anavaa kila alichonacho. Ila moyo hauko sawa, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia badala ya kupumzika kama wenzangu.

Katika barua yako uliniuliza kama nikija na mzigo wa Iringa mnaweza kupanda gari langu, wewe na Vumilia, mje mkae nami huku mpaka mvua zianze. Jibu langu ni hapana. Najua utanuna. Najua pia dada yako atasema nimeweka mwanamke huku Mwanjelwa. Mwambie sina, na chumba chenyewe nilichopanga kinavuja hivi kwamba huyo mwanamke angeshakimbia. Soma kwanza mpaka mwisho, ndipo unune.

Unamkumbuka Mwaipopo, utingo wangu, yule Mnyakyusa mnene aliyekula ugali hapo kwenu akamsifu mama mpaka mama akaona haya. Kazi yake ilikuwa kufunga turubai, kuweka jiwe nyuma ya tairi, na kuzungumza. Hasa kuzungumza. Tukitoka Uyole anaanza habari za shamba la migomba la baba yake, na tukifika Makambako bado hajamaliza kugombana na ndugu zake juu ya mpaka. Akiona kope zangu zinalegea ananichokoza, anawasema Wahehe wote kuanzia babu zangu, mpaka nakasirika. Alijua kwamba mtu aliyekasirika halali. Nilikuwa namlalamikia kwako kwamba ananichosha masikio, unakumbuka. Leo ningempa shati langu arudi aniseme kutwa nzima.

Ilikuwa hivi. Tajiri wetu alikwenda Ulaya kutibiwa macho, akarudi na mfuko wa vidude. Ni kidude kidogo cha plastiki, rangi ya nyama, unakipachika nyuma ya sikio kama mwalimu anavyopachika kalamu. Ndani kina betri ndogo kama kifungo cha shati. Ukikaa wima kinanyamaza. Ukiinamisha kichwa mbele, kinalia sikioni mwako kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Tajiri alituita wote uani, akatuvalisha mmoja mmoja, akatuinamisha vichwa kwa mkono wake ili tusikie. Akasema huko Ulaya madereva hawasinzii tena. Sisi tukakibatiza jina la Mkwe, maana mbele ya mkwe hakuna anayethubutu kusinzia. Hilo usimwambie baba.

Tulicheka siku ile. Lakini juma lililofuata tajiri akawaondoa matingo wote kwenye magari, akawapeleka ghalani kubeba magunia. Alisema dereva mmoja na kidude chake wanatosha. Mwaipopo alinipa mkono akasema nimsalimie Mkwe, kisha akaenda zake kwenye magunia, na mimi nikaondoka na kiti kitupu pembeni yangu. Mama Vumilia, hujui barabara ilivyo ndefu mpaka uipite na kiti kitupu.

Sasa, aliyekitengeneza kidude hiki hakulelewa kwetu. Hajui tofauti ya usingizi na adabu. Wewe unajua sisi tulivyofundishwa, mtu hamwamkii mkubwa shingo imesimama. Tangu watu wahamishiwe kwenye vijiji vipya kandokando ya lami, wazee wako barabarani muda wote, huyu na jembe, huyu na mbuzi wake, na kila mzee akiinua mkono mimi nainamisha kichwa nasema kamwene, hata kama hanisikii. Na kila nikiinama, kidude kinalia. Kutoka Mafinga mpaka Ifunda kinalia tu. Hata kanisani kilinitia aibu. Nilisahau kukivua, mchungaji akasema tuombe, nikainamisha kichwa, kikaanza kulia katikati ya sala. Mama mmoja mbele yangu alianza kujipapasa kitambaa cha kichwa akitafuta nyuki. Mimi nilibanwa na kicheko mpaka machozi yakanitoka, na mzee wa kanisa akadhani nimeguswa na Roho.

Mwanzoni kilinistua. Baadaye sikio likazoea. Mwisho ikawa nikimwamkia mtu kidude kisipolia, kwa mfano betri ikichoka, naona kama salamu haijafika. Angalia mambo hayo, mke wangu. Kitu kilicholetwa kunistua kikawa kwangu ni sauti ya kuitikiwa.

Safari iliyopita nilikuwa na mbolea, gari limejaa mpaka juu. Nilishakula wali Mafinga, jua la mchana linanipiga usoni, barabara imenyooka, na gari linavuma vile vile bila kubadilika. Nimepita Ifunda. Nakumbuka nimepita Ifunda. Kisha nikawa uani kwa baba. Namwona amekaa kwenye kigoda chake, nimemletea sukari, nikamwinamia nikasema kamwene baba, na nikasikia ile sauti sikioni. Moyo wangu ukatulia kabisa. Nikaona salamu imefika, nimepokelewa, sasa naweza kukaa. Nakuambia kweli, sijawahi kuwa na amani kama ile tangu niondoke nyumbani.

Si kidude kilichoniamsha. Ni changarawe. Tairi za kushoto zilikuwa zimeshatoka kwenye lami, usukani unatikisika, na nilipofumbua macho niliona kofia. Kofia tu, inaruka mbele ya kioo. Nikavuta usukani kulia, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, mbolea ikanisukuma kutoka nyuma, na gari likaja kusimama nusu kwenye lami na nusu kwenye changarawe.

Sikuweza kushuka. Nilisema moyoni, Baba Vumilia, umeua mtu. Nilisema hivyo hivyo, kwa jina ulilonipa wewe. Mwishowe nikateremka nimeshika mlango, nikarudi nyuma kwa miguu, huku nasali nisikute ninachokwenda kukikuta.

Nikakuta mzee. Amesimama pale pale ukingoni mwa mtaro, mzima, kichwa wazi, mkono mmoja bado ameuinua kifuani kana kwamba ameshika kofia. Kofia yenyewe ilichukuliwa na kioo changu cha pembeni kutoka mkononi mwake, ikaangukia lami na tairi la nyuma likaipita. Kati ya kofia na kifua chake, Mama Vumilia, hapakuwa na nafasi ya kupitisha mtoto. Nilikaa chini kwenye nyasi mbele ya mtu wa rika la baba.

Nikamuuliza kwa nini hakukimbia. Gari lote lile linamjia, mtaro uko nyuma yake, hatua moja tu. Alinitazama kama namuuliza kitu cha kitoto.

"Nimekuona unaniamkia, mwanangu," akasema. "Nikajua umeniona. Na mimi nikavua kofia nikuitikie."

Unaelewa? Aliponiona kwa mbali gari linapinda kuja upande wake alitaka kuruka mtaroni. Aliniambia hivyo mwenyewe. Ndipo kichwa changu kikaanguka kwa usingizi, naye akaona dereva ameinama. Akaona haya kumkimbia mtu anayemsalimu. Akasimama, akavua kofia, akainama na yeye, macho chini, kama ilivyo desturi. Tuliamkiana hivyo, mmoja amelala na mwingine haoni.

Nilimwambia ukweli. Nilisema mzee, nilikuwa nimelala. Akacheka, akaona namtania, kwani nani aliwahi kulala na kuamkia kwa wakati mmoja? Kisha akanisifu. Akasema wenye magari wengi siku hizi wanapita tu na vumbi lao, lakini mimi nimelelewa. Akauliza kwetu ni wapi, ili amjue aliyenilea. Kila neno la sifa lilinichoma. Nikamshika mkono nikamsihi, siku nyingine akiona dereva anainamisha kichwa, aruke, akimbie, asijali.

Akaondoa mkono wake taratibu. "Nimkimbie mtu anayeniamkia?" akasema. "Hapana, mwanangu. Hilo siwezi."

Nilimwachia kofia yangu, ile ya sufu uliyonifumia. Nisamehe, sikuwa na kingine cha kumpa. Nikaendesha mpaka Iringa polepole hivi kwamba baiskeli zilinipita, na pale Ipogoro nilipowaona mmesimama kando ya barabara kama kawaida yenu, wewe na baba na Vumilia mnanipungia, sikusimama. Uliniuliza katika barua kwa nini sikusimama. Ndiyo sababu. Niliwaona mnaanza kuinamisha vichwa, wote watatu, nikashika usukani kwa mikono miwili nikapita.

Niliporudi Mbeya nilikwenda kwa tajiri nikamweleza yote, bila kuficha. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Mwisho akauliza swali moja tu, kidude kililia au hakikulia. Nikasema kililia. Akasema, "Basi kizima." Akarudi kwenye chai yake.

Tangu siku ile naogopa, mke wangu. Nakuandikia neno hili waziwazi ingawa mwanamume haandiki hivyo. Naogopa usingizi na naogopa kuwa macho, maana sijui tena kipi ni kipi. Nikiwa natembea tu hapa sokoni, mtu akiniamkia nikainamisha kichwa, nashika ukuta. Naamkia watu shingo imesimama, na majirani wameanza kusema dereva yule amekuwa na kiburi. Nimevua kidude nikakiweka ndani ya kikombe, lakini hata kikiwa kikombeni nakisikia. Kuacha kazi naogopa, kwa kuwa unajua nilivyoitafuta. Kuendelea nayo naogopa zaidi.

Nimeamua hivi. Gari limeshapakiwa, mbolea ni ya vijiji vya huko Iringa na watu wanaingoja, kwa hiyo mzigo huu nitauleta. Nitalala Igawa, nitalala tena Mafinga, tajiri aseme atakavyo. Mwaipopo nimemwomba, naye anataka kuja, ila msimamizi wa ghala hajamruhusu. Nikirudi Mbeya kama kiti chake bado kitupu, nitaweka ufunguo juu ya meza ya tajiri nirudi nyumbani tulime. Utanicheka kwa kuwa jembe silipendi. Nicheke tu.

Wewe na mtoto, kama bado mnataka kuja, pandeni basi. Gari langu msilipande. Na msishuke Ipogoro kunipokea. Kaeni nyumbani. Nitaegesha huko chini na kupandisha mlima mpaka Kihesa kwa miguu yangu, hata kama ni jua kali, na mtaniona nikiingia mlangoni.

Nisalimie mama, mwambie ugali wake unasifiwa mpaka ghalani. Msalimie dada yako mwenye maneno mengi, na shemeji yangu wa sokoni, na jirani yetu fundi cherehani aliyekusomea barua iliyopita. Hii, tafadhali, isome mwenyewe.

Baba umsalimie kwa heshima zote. Usimweleze habari nzima, atakosa usingizi. Mwambie tu kwamba mkwewe anaomba jambo moja, kwamba akiniona ndani ya gari nimemwinamia, asivue kofia, asiniitikie, aondoke barabarani kwanza. Nitashuka nimwamkie chini kwa mikono miwili. Najua atakataa kama yule mzee alivyokataa. Mwambie hata hivyo, tena mwambie mara nyingi.

Kwa hiyo tumaini langu liko kwa Vumilia, ambaye bado mdogo na anaweza kufundishika. Kuamkia nilimfundisha mimi, na alijifunza upesi, nikajivuna. Sasa wewe umfundishe hili, kila siku, mpaka alijue kuliko jina lake: akiona gari la baba yake linakuja, akimbie.

Ni mimi mumeo,
Baba Vumilia