Vidonge Vilivyomrudishia Mama Mikono

Sapiwi, nyumbani kwa Mama

Dada Kabula, mwangaluka. Shemeji na watoto hawajambo?

Nakuandikia kwa hasira. Ile nafuu ya viungo vya Mama tuliyoishangilia imetokana na vidonge vya muuzaji mpya wa dawa pale Bariadi. Siku hizi kila mwenye kibanda anauza dawa! Uso wa Mama umevimba kwa vidonge hivyo, nilipofika nusura nishindwe kumtambua.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alisema chembe zinazolinda mwili wake zinapeana habari za uongo kwamba kwenye viungo kuna adui, zinaitana, zinavishambulia. Vidonge vile vinazinyamazisha zote, hata adui wa kweli akija hazitaamka. Wala haviachwi ghafla. Tumepewa dawa nyingine, na vile tunavipunguza kidogo kidogo.

Nikaenda na Mama dukani, nikafoka. Yule bwana akasema, "Mama yako alikuja hawezi kushika kikombe. Sasa anachuma pamba. Kosa langu nini?"

"Hukumwambia vitamfanya nini!" Nilipiga kelele mpaka watu wakajaa.

Mama akanivuta. "Mwache, mwanangu. Huyu ndiye aliyenirudishia mikono."

Hasira ikanipanda zaidi, maana ni kweli.

Sasa vidole vinavimba tena. Asubuhi namfunga kitenge mimi, naye amenuna. Ameninunia mimi, dada, si yule bwana! Njoo umbembeleze, wewe anakusikiliza. Nimewakumbuka wote, hasa kitinda mimba wako.

Mdogo wako,
Mbuke